Nimeombwa nichore kitabu cha watoto cha Kiairishi nami sikijui. Nikubali?

"Nilizaliwa Malindi, sasa naishi mjini Galway, Ireland, ninakofanya kazi ya kutunza wazee. Nachora tangu utotoni. Mwaka huu picha zangu kadhaa zilitundikwa kwenye maktaba ya mtaa, na mchapishaji mdogo wa vitabu vya Kiairishi akanipigia simu. Anataka nimchoree kitabu cha picha cha kurasa 32. Kiairishi changu kinaishia kwenye salamu. Amenitumia muhtasari wa hadithi kwa Kiingereza, nusu ukurasa, pamoja na mkataba unaosema nitalipwa mara moja na haki zote za picha zitakuwa zake. Shemeji yangu anasema lugha hiyo imeshakufa, nitapoteza muda wangu bure. Mimi nahofia jingine: nitachoraje maneno nisiyoyaelewa? Na je, itanibidi niuache mkono wangu wa pwani nichore kama wao?"

Dada, hongera, na pole na zamu. Umeuliza mengi kwa pamoja, lakini nikilisoma swali lako kwa mara ya pili naona linalokukosesha usingizi ni moja: unaogopa kuonekana mgeni aliyejipenyeza kwenye lugha ya watu. Nimefanya kazi ya kuhariri picha za vitabu vya watoto kwa miaka mingi, na hofu hiyo nimeikuta hata kwa wachoraji waliozaliwa Ireland, maana si kila anayechora kitabu cha Kiairishi anakizungumza. Kutojua Kiairishi hakukuzuii kuchora kitabu kizuri. Kitakachokuharibia kazi ni kuchora kwa kutegemea ule muhtasari wa nusu ukurasa. La kwanza huwezi kulibadilisha kabla kazi haijaanza. La pili unaweza kulimaliza kwa barua pepe moja.

Lakini kwanza shemeji. Mwambie kwa upole kwamba lugha haijafa. Katiba ya mwaka 1937 inakitaja Kiairishi kuwa lugha rasmi ya kwanza ya nchi, na tangu 2007 ni lugha rasmi ya Umoja wa Ulaya. Hayo ni ya kwenye karatasi, na najua hayamlishi mchoraji. Yanayokuhusu wewe yako kwenye sensa ya 2022 ya Jamhuri ya Ireland: watu 1,873,997 walisema wanaweza kukizungumza, ila waliokizungumza kila siku nje ya masomo walikuwa 71,968. Itazame vizuri tofauti ya namba hizo mbili, kwa sababu kazi unayoombwa kuifanya imo humo ndani.

Kitabu chako kitasomwa na watoto wa aina mbili. Yupo mtoto wa Gaeltacht, yaani maeneo ambako Kiairishi bado kinasikika nyumbani na dukani: Conamara hapo magharibi kwako, na sehemu za Donegal, Mayo, Kerry, Cork, Waterford na Meath. Huyo lugha ni yake, na hahitaji picha imfasirie kitu. Halafu yupo mtoto wa gaelscoil, shule inayofundisha masomo kwa Kiairishi, pengine Dublin, pengine hapo hapo Galway. Mama yake ana Kiairishi cha shule alichokisahau nusu, au hana hata neno kwa sababu alikuja kutoka Poland, Brazil au Nigeria. Jioni mama huyo anakaa na mtoto wake, kitabu mkononi, na neno la tatu limemshinda. Macho yake yatakimbilia picha yako.

Kwa hiyo picha ya kitabu hiki inabeba mzigo kuliko picha ya kitabu cha Kiingereza kilichowekwa kwenye rafu ile ile. Hapa wachoraji wengi huteleza. Wakishaambiwa kwamba wasomaji wengi ni wanafunzi wa lugha, wanachora kila nomino iliyomo kwenye sentensi: mbwa, mlango, ndoo, na hakuna zaidi. Kitabu kinageuka chati ya ukutani ya darasa la kwanza, na yule mtoto wa Conamara anakichoka kabla ya ukurasa wa sita. Mimi huwaambia wachoraji wangu hivi: kitendo kikuu kiwe wazi kiasi kwamba mzazi asiyejua neno aweze kulikisia, kisha pembeni kuwe na jambo ambalo maneno hayakulisema kabisa. Mdogo mtu anayeiba mkate kimya kimya toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Kuku aliyeingia ndani bila mtu kumwona. Mzazi anapata pa kushikilia, na mtoto anapata kitu cha kumwonyesha mzazi wake.

Sasa tuurudie ule muhtasari. Usichore hata mstari mmoja kwa kuutegemea. Mwombe mhariri akutumie matini kamili ya Kiairishi, imegawanywa ukurasa kwa ukurasa, na chini ya kila sentensi tafsiri ya neno kwa neno, hata kama Kiingereza chake kitakuwa kibovu. Ninasisitiza neno kwa neno kwa sababu mpangilio wa sentensi ya Kiairishi unagusa moja kwa moja jinsi utakavyopanga picha. Kitenzi hutangulia. "Tháinig an fathach" ni "alikuja" kwanza, kisha "zimwi". Sisi tunao mpangilio huo kwenye hadithi, pale msimulizi anaposema "Akatokea zimwi," na kila mtoto aliyekaa kwenye mkeka anajua jinsi sauti inavyotulia kabla ya jina kutajwa. Katika Kiairishi huo ndio utaratibu wa kawaida wa kila siku. Mwandishi mzuri huutumia kwenye kufungua ukurasa: kitenzi kinabaki upande huu, mtendaji anasubiri upande wa pili. Muhtasari ukikuambia tu "zimwi linakuja", utalichora zimwi ukurasa mmoja mapema, na mshtuko wote ambao mwandishi aliutega utakuwa umemwagika.

Yapo mengine ambayo muhtasari huyaficha. Nomino za Kiairishi zina jinsia, na wahusika wanyama mara nyingi huitwa "yeye wa kike" au "yeye wa kiume" kwa kuifuata. Panya, luch, ni wa kike. Mbweha, sionnach, ni wa kiume. Ukimvika luch kaptula na kofia ya babu bila kuuliza, unaweza kugongana na matini. Rangi nazo ni mtego. Glas ni rangi ya majani mabichi, lakini farasi akiitwa glas ni wa kijivu. Nywele nyekundu za mtu na manyoya ya mbweha ni rua, wakati gari la zimamoto ni dearg. Mchoraji anayeokoteza maneno kwenye kamusi ya simu anaweza kabisa kumpaka farasi rangi ya mchicha, na kosa hilo likishachapwa halifutiki. Kila rangi iliyotajwa kwenye hadithi, muulize mhariri.

Ombi jingine ambalo wachoraji hawalifikirii: sauti. Mwombe mwandishi ajirekodi kwa simu akisoma kitabu kizima kwa mwendo ambao angemsomea mtoto. Sikiliza hata kama huelewi. Utasikia mahali anapoharakisha, anaporudia, anaponong'ona. Mimi hupanga ukubwa wa picha kwa kusikiliza namna hiyo: panapokwenda mbio panafaa picha ndogo ndogo kadhaa kwenye kurasa mbili zinazotazamana, na pale sauti inapotua panafaa picha moja kubwa isiyo na msongamano. Hili hulipati kwenye tafsiri yoyote, hata iwe nzuri namna gani.

Sauti hiyo itakuambia pia hadithi inatoka wapi. Kiairishi kina lahaja kuu tatu: ya Munster kusini, ya Connacht magharibi na ya Ulster kaskazini. Mtu wa Kerry akikujulia hali atasema "Conas atá tú?", wa Conamara "Cén chaoi a bhfuil tú?", wa Donegal "Cad é mar atá tú?". Msomaji mwenyeji anatambua kwa sentensi moja tu mhusika ni mtoto wa wapi, kisha anatarajia kuona mahali hapo. Mtoto anayesalimia kwa lafudhi ya Kerry hawezi kupanda ile mashua ya Galway yenye tanga la rangi ya kutu kana kwamba ni chombo cha kwao. Hata currach, boti jepesi la fito lililofunikwa turubai la lami, Kerry huitwa naomhóg na umbo lake si lile la Conamara. Wewe ni mtu wa Malindi. Ukiona kitabu kimechora ngalawa mahali pa jahazi, hukiamini tena kwa lolote. Na wao ni vivyo hivyo.

Uko Galway, na hiyo ni bahati ambayo mchoraji wa London hana. Siku yako ya mapumziko panda basi uende An Spidéal, au uzidi hadi Indreabhán, ukiwa na daftari. Huko ndiko waliko baadhi ya wachapishaji wenyewe: Futa Fata wako An Spidéal, Cló Iar-Chonnacht wako Indreabhán. Chora unachokiona, sio kilicho kwenye kadi za posta. Kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, ndiyo, zipo kila mahali. Lakini nyumba nyingi ni za kisasa, zenye gari mbele na trampolini nyuma, na watoto wamevaa jezi za timu ya kaunti. Vitabu vya Kiairishi vimeumizwa vya kutosha na paa za nyasi, punda na vizimwi vya kofia ya kijani, kana kwamba lugha hiyo haijawahi kuingia kwenye nyumba yenye mashine ya kufulia. Nikiruhusiwa kukutuma jambo moja tu kwenye kitabu hiki, ni kumpa mtoto anayezungumza Kiairishi chumba chake halisi cha leo. Ukikosa nafasi ya kusafiri, tazama vipindi vya watoto vya Cúla4, chaneli ya TG4, televisheni ya Kiairishi. Angalia jikoni zao, viatu vyao, mifuko yao ya shule.

Kuhusu mkono wako wa pwani: usiuache, na usiutangaze pia. Sitaki uone haya ya kutokea ulikotokea, na sitaki uubandike urembo wa kanga pembeni mwa kila ukurasa ili watu wajue umetoka Malindi. Mafundo ya Kikelti nayo, yale mapambo ya nyuzi zilizosokotana, yaache kwa wenye duka la zawadi. Mkono wa mchoraji upo kwenye jinsi anavyosimamisha mwili, anavyopima umbali kati ya watu wawili, anavyoona mwanga. Na kwenye mwanga ndipo utakapofanya kazi ngumu kuliko zote, kwa hiyo niruhusu nikae hapo kidogo.

Malindi ilikufundisha jua linalopanda juu ya utosi. Kivuli cha mchana kinakusanyika miguuni, rangi zinapauka adhuhuri, na magharibi huja karibu saa ile ile mwaka mzima. Mkono wako umekwisha kariri hayo bila wewe kujua. Galway iko kwenye latitudo ya nyuzi 53 kaskazini. Mwezi wa Desemba jua la mchana halipandi zaidi ya nyuzi 13 hivi juu ya upeo, kwa hiyo vivuli ni virefu kutwa nzima na mwanga unaingia dirishani ukiwa umelala. Ikifika saa kumi na moja jioni giza linaingia. Juni mambo yanapinduka: saa nne usiku bado kuna mwanga, na mtoto anapelekwa kitandani huku nje kukionekana kama alasiri. Fikiria maana yake kwa hadithi ya kulala. Ukichora dirisha jeusi lenye nyota kwenye kitabu kinachosimulia kiangazi, kila mtoto wa huko atajua umekosea, maana yeye hulala akigombana na mapazia. Ila mtu aliyezaliwa ndani ya mwanga huo mara nyingi hauoni tena. Wewe unauona, kwa sababu bado unakushangaza. Hiyo ndiyo zawadi utakayowapelekea, na hakuna haja ya kuichora kwa michikichi.

Sasa herufi, maana hapo ndipo aibu hutokea. Alama ile ndogo ya mkwaju juu ya irabu, síneadh fada, si pambo. "Fear" ni mwanamume. "Féar" ni majani. Ukiandika kibao cha duka kwa mkono ndani ya picha ukaisahau, umeandika neno jingine. Jingine ni herufi kubwa. Maneno ya Kiairishi hubadilika mwanzoni, jambo ambalo sisi wenye mtoto na watoto hatulishangai, lakini herufi iliyoongezwa mbele hubaki ndogo hata neno zima likiwa kwa herufi kubwa: "i nGaillimh", yaani mjini Galway, likipigwa kwa herufi kubwa ni "I nGAILLIMH". Wasanifu wasioelewa huona n hiyo ndogo kama kosa la chapa wakaisahihisha, ndipo wanapoharibu. Acha nafasi ya kutosha ya maneno pia, kwa kuwa matini ya Kiairishi mara nyingi huwa ndefu kuliko tafsiri ya Kiingereza uliyopewa.

Hata hivyo, ushauri wangu ni kwamba maneno yasiingie ndani ya picha ila pale hadithi inapolazimisha. Sababu ni ya kiwandani. Kitabu cha rangi huchapwa kwa wino nne, na maneno hukaa kwenye bamba la wino mweusi peke yake. Mchapishaji wa Wales au Brittany akitaka kitabu hicho kwa lugha yake, bamba hilo moja tu linabadilishwa na picha zinabaki zilivyo. Maneno yakichorwa ndani ya picha kwa rangi, kila lugha mpya itadai picha irekebishwe, na mchapishaji mwenye bajeti ndogo anaweza kuachana nayo.

Hapo tunaingia kwenye mkataba wako, na hapa nasema bila kuzunguka: usiusaini jinsi ulivyo.

Mwelewe kwanza mchapishaji. Soko la Kiairishi ni dogo, nakala zinazochapwa ni chache, na vitabu vingi hutoka kwa msaada wa ruzuku za Foras na Gaeilge, taasisi iliyoundwa 1999, baada ya Mkataba wa Ijumaa Kuu ulioleta amani Ireland Kaskazini, ili kulea lugha hii kusini na kaskazini. Malipo madogo hayana maana kwamba anakudharau. Wachoraji ninaowafahamu kwenye eneo hili hawaishi kwa vitabu vya Kiairishi peke yake. Wanafundisha, wanatembelea shule, wanachora na vingine. Nisingekushauri uache kazi yako ya sasa kwa ajili ya kitabu kimoja.

Lakini udogo wa soko ndio hasa sababu ya kutozitoa haki zote. Kitabu cha lugha ndogo kikitaka kuvuka mpaka, kinavushwa na picha. Kwenye maonyesho ya vitabu vya watoto ya Bologna, Italia, wachapishaji wa kila bara huuziana haki, na mchapishaji wa Korea anayepita mezani hawezi kusoma Kiairishi. Anachokiona ni kazi yako. Ukiwa umeuza haki zote, akikinunua hupati senti. Kwa sheria ya hakimiliki ya Ireland ya mwaka 2000, picha ni zako mpaka uzihamishe kwa maandishi, na haki hiyo hudumu maisha yako yote na miaka 70 baada yake. Kwa hiyo pendekeza leseni: anapata haki ya kuzitumia picha kwenye toleo la Kiairishi, na kwa toleo la lugha nyingine yoyote mnagawana mapato kwa asilimia iliyoandikwa. Baadhi ya wenzangu wangekuambia ung'ang'anie mrabaha wa kila nakala. Mimi, kwa kitabu cha nakala chache, ningechagua malipo ya mwanzo yaliyo bora kidogo na nikakaza kwenye haki za nje. Akikataa kabisa kugusa kipengele hicho, ningemshukuru na kuondoka, hata kama ni kitabu changu cha kwanza.

Dai pia jina lako liwe kwenye jalada na ukurasa wa ndani wa jina la kitabu, sawa na la mwandishi. Heshima ni sababu moja, lakini upo pia mfuko wa Ireland unaowalipa waandishi na wachoraji kila kitabu chao kinapoazimwa maktaba, na kujisajili ni rahisi jina likiwa wazi. Tukizungumzia toleo la Kiswahili, ambalo natumaini umeshalifikiria: picha ni zako lakini hadithi ni ya mwandishi, kwa hiyo zungumzeni naye mapema badala ya kutafsiri kwanza.

Kuhusu muda, kurasa 32 zikifanywa vizuri kando ya kazi ya zamu huchukua nusu mwaka na zaidi. Muulize kama tarehe ya kutoka imefungwa na ruzuku, kwa sababu ikiwa imefungwa haitasogea ukiugua.

Lipo jambo moja ambalo siwezi kukusaidia kwa maandishi, nalo litangulie mengine yote. Hukusema uko Ireland kwa kibali gani. Ikiwa una Stampu 1, inayofungamana na kibali cha kazi ya kutunza wazee, hairuhusu kujiajiri, na kulipwa kwa kitabu ni kujiajiri. Ukiwa na Stampu 4 au uraia, njia ni nyeupe. Usimwulize shemeji, usiulize kwenye kundi la WhatsApp. Nenda ofisi ya Citizens Information hapo Galway, huduma yao ni bure, na ikibidi watakuelekeza kwa mwanasheria wa uhamiaji. Wakishakuambia uko salama, ndipo uwaulize watu wa kodi kuhusu msamaha wa kodi ya mapato kwa wasanii, ambao hutolewa kwa kazi itakayokubaliwa, hadi euro 50,000 kwa mwaka. Makato mengine ya serikali bado utayalipa. Kwa mkataba wenyewe, chama cha Illustrators Ireland ni mahali pazuri pa kupata mchoraji mzoefu wa kukaa nawe na kuusoma kipengele kwa kipengele.

Wakati ukisubiri majibu hayo, mwandikie mhariri leo. Mwambie umefurahi, hujakataa, na kabla ya kuzungumzia fedha unaomba matini yote na tafsiri yake ya neno kwa neno, pamoja na sauti ya mwandishi akisoma. Mhariri anayeijua kazi yake atazituma bila kukuuliza kwa nini.